Kesi ya Mwenyekiti, Ada za Majirani

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga na nimeishi California kwa miaka 14, minane ya mwisho nikiwa katika nyumba ambayo mimi na mume wangu tuliinunua karibu na Sacramento. Nyumba yetu ni moja kati ya nyumba 64 zilizounganishwa kuta na, kama ilivyo kawaida ya mitaa ya namna hii, tulipoinunua tukawa papo hapo wanachama wa chama cha wenye nyumba, kile ambacho kila mtu hapa hukiita HOA. Chama ndicho kinachotunza mapaa, lami ya njia za ndani, bustani na ukuta wa nje, nasi tunakilipa ada kila mwezi kwa kazi hiyo.

Mwaka jana mzee mmoja mstaafu, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliandika katika kundi la WhatsApp la majirani kwamba kazi ya kupaka rangi majengo yetu ilipewa jamaa wa mwenyekiti wa bodi bila kushindanishwa na mafundi wengine. Mwenyekiti alikana, kisha mzee akafunguliwa kesi ya kumchafulia jina. Haukupita muda akaletewa kesi ya pili, safari hii kwa madai kwamba uzio wa ua wake wa nyuma umezidi kimo kinachoruhusiwa, ingawa uzio huo tuliukuta siku tulipohamia. Wakili ni yuleyule katika kesi zote mbili.

Mwezi Desemba tulipokea taarifa ya hesabu. Mstari wa huduma za kisheria, uliotengewa dola 6,000, ulionyesha matumizi ya dola 41,300. Katika ukurasa wa nyuma, kwa maandishi madogo, ilielezwa kwamba dola 30,000 zimehamishwa kutoka mfuko wa akiba, ambao tangu tulipofika tumekuwa tukiambiwa ni wa kuezekea upya mapaa. Kuanzia Januari ada imepanda kutoka dola 285 hadi dola 340, na bodi imetutumia barua ya kututaka kila nyumba itoe mchango maalumu wa dola 900 kabla ya mwisho wa Machi. Hakuna kura iliyopigwa.

Dari ya chumba cha binti yangu ina doa la rangi ya chai ambalo lilianza likiwa na ukubwa wa kisahani na sasa limefika kwenye taa. Mvua za Januari ziliponyesha niliweka sufuria juu ya kabati lake la nguo, na asubuhi nilipotoka zamu ya usiku hospitalini nilimkuta amelala sebuleni kwa sababu ya mlio wa matone. Kampuni ya usimamizi ilinijibu kwamba kazi ya mapaa imeahirishwa hadi hali ya fedha itakapotengemaa.

Katika kikao cha mwisho nilisimama nikauliza fedha hizo zimetumika kwa kesi ipi. Mwenyekiti alisema kwamba mambo yaliyo mikononi mwa wakili ni siri, akamwita msemaji mwingine. Tulipotoka, jirani mmoja aliniambia nichunge mdomo nisije nikawa mshtakiwa wa pili. Mume wangu naye ananikumbusha kila siku kwamba mgeni ni kuku mweupe.

Ninaomba unisaidie kujua mambo matatu. Je, bodi ina haki ya kutumia fedha zetu kwa kesi hizi? Je, ninaweza kuzuia ada yangu hadi nipewe maelezo? Na je, nikizungumza na majirani nitajitia hatarini?

Mwenye Nyumba, Kaskazini mwa California

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu ndilo lenye hatari ya karibu. Usizuie ada hata kwa mwezi mmoja. Katika California, deni la ada likifika dola 1,800, bila kuhesabu faini za kuchelewa na gharama za kulikusanya, au likizidi miezi 12, chama kinaweza kuanza hatua za kuinadi nyumba ya mdaiwa, na kinaweza kufanya hivyo bila hata kufungua kesi. Kwa ada ya dola 340, miezi sita inatosha kukufikisha huko. Ukiujumlisha na ule mchango wa dola 900, miezi mitatu inatosha. Tena mahakama hazikubali hoja ya mwanachama kwamba aliacha kulipa kwa kuwa bodi inatumia fedha vibaya, kwa sababu mapaa na taa za njiani zinaendelea kuhitaji fedha hata pale ambapo bodi ina makosa. Nimeona familia zenye haki kabisa katika malalamiko yao zikijikuta upande wa wakosaji kwa sababu ya hatua hiyo moja ya hasira.

Kuhusu mchango wa dola 900, sheria imekupa njia iliyo bora kuliko kugoma. Ulipe, lakini uambatanishe barua ya kueleza kwamba unalipa huku ukipinga, kisha unaweza kudai fedha hizo katika mahakama ya madai madogo, ambako ada ya kufungua kesi ni ndogo na mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu. Na ninaamini unayo sababu nzuri ya kupinga. Sheria ya Davis-Stirling, iliyotungwa mwaka 1985 na ambayo ndiyo inayoongoza vyama hivi katika jimbo lenu, inaipa bodi uhuru wa kupandisha ada ya kawaida hadi asilimia 20 kwa mwaka bila kuwauliza wanachama. Kutoka dola 285 hadi dola 340 ni zaidi kidogo ya asilimia 19, kwa hiyo aliyeipanga alikuwa anaujua mpaka na akasimama kabla ya kuugusa. Mchango maalumu, hata hivyo, una mpaka wake: ukizidi asilimia 5 ya bajeti ya matumizi ya mwaka, ni lazima upigiwe kura, ambapo wapiga kura wawe zaidi ya nusu ya wanachama na walio wengi kati yao waukubali. Nyumba 64 zikilipa dola 340 kwa miezi 12 zinatoa dola 261,120. Ikiwa bajeti yenu iko karibu na kiasi hicho, asilimia 5 yake ni kama dola 13,000, yaani dola 204 kwa kila nyumba. Bodi inataka dola 57,600. Sheria inaruhusu kuuvuka mpaka huo pasipo kura wakati wa dharura, kwa mfano gharama iliyoamriwa na mahakama au tengenezo la kitu kinachohatarisha usalama wa watu, lakini ankara ya wakili ambaye bodi yenyewe ilimwajiri si amri ya mahakama.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, ambalo ndilo kiini cha barua yako. Umeandika kuhusu kesi hizi mbili kana kwamba ni kitu kimoja, na ninahisi kwamba hata hesabu za chama zimezichanganya hivyohivyo. Zitenganishe, kwa sababu majibu yake hayafanani.

Kesi ya uzio inaweza kuwa ya uonevu, inaweza kuwa ya kulipiza kisasi, lakini kwa sura yake ni shauri la chama. Bodi ina wajibu wa kusimamia masharti ya mtaa, na inaruhusiwa kumlipa wakili kwa kazi hiyo. Linalopaswa kuulizwa ni kama ilifuata njia. Kwa mashauri ya aina hii, chama kinatakiwa kwanza kimpelekee mwanachama ombi la maandishi la kwenda kwa msuluhishi, naye ana siku 30 za kulikubali au kulikataa, kabla hati yoyote haijafikishwa mahakamani. Muulize mzee kama aliwahi kupokea ombi hilo. Jambo jingine ambalo majirani wako huenda hawalijui ni kwamba katika kesi za kusimamia masharti ya mtaa anayeshindwa humlipia aliyeshinda gharama za wakili. Kwa hiyo chama kikishindwa kuhusu uzio uliokuwapo miaka minane bila mtu kuulalamikia, mtawalipa mawakili wa pande zote mbili.

Kesi ya jina ni jambo jingine kabisa. Jina lililodaiwa kuchafuliwa ni la mwenyekiti mwenyewe. Akishinda, fidia ni yake. Chama kinaruhusiwa kumlipia mjumbe wa bodi gharama za kujitetea pale anaposhtakiwa kwa kazi aliyoifanya kwa nia njema kwa niaba ya chama, na jambo hilo ni la haki, kwa sababu wajumbe hawa hujitolea bila mshahara na bila kinga hiyo hakuna mtu angekubali kukaa katika bodi. Lakini kujitetea ni tofauti na kumshtaki jirani. Mtu anayekwenda mahakamani kutafuta fidia ya heshima yake anapaswa kutoa nauli ya safari hiyo mfukoni mwake, na sioni hoja ambayo inaweza kuigeuza safari hiyo kuwa matengenezo ya mtaa.

Kwa sababu hiyo, kazi yako ya kwanza, kabla ya kuandika barua yoyote, ni kutafuta nakala za hati za madai. Kesi hizi ziko katika Mahakama Kuu ya kaunti yenu, na majalada ya kesi za madai yako wazi kwa umma. Mzee mwenyewe pia anazo nakala zake. Tazama ukurasa wa kwanza, mahali panapoandikwa jina la mdai. Ikiwa katika kesi ya jina mdai ni mwenyekiti peke yake na wakili wake analipwa kutoka akaunti ya chama, una ushahidi mzito wa fedha za watu 64 kutumiwa kwa shauri la mmoja. Ikiwa mdai ni chama, basi bodi imelibeba shauri la mtu binafsi na kuliita lenu, na hatari yake kwa mifuko yenu ni kubwa zaidi, kwa sababu nitakayoeleza.

Tangu mwaka 1992 California ina sheria inayomruhusu mtu aliyeshtakiwa kwa maneno aliyoyasema juu ya jambo linalowahusu watu wengi kuiomba mahakama iitupe kesi mapema, na mdai akishindwa kuonyesha kwamba ana uwezekano wa kushinda, kesi hutupwa na mdai huamriwa kulipa gharama za wakili wa mshtakiwa. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa ya jimbo iliamua shauri la Damon dhidi ya Ocean Hills Journalism Club, ambamo aliyekuwa meneja wa mtaa wa wastaafu katika Kaunti ya San Diego aliwashtaki wakazi waliomkosoa katika jarida lao na katika vikao vya bodi. Mahakama ilisema kwamba namna mtaa wa watu wengi unavyoongozwa ni jambo linalowahusu watu wengi, ikakubali kesi itupwe. Mweleze mzee juu ya uamuzi huo leo hii. Ombi la namna hiyo hutakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 60 tangu mshtakiwa akabidhiwe hati, ingawa jaji anaweza kuruhusu muda zaidi, na wakili wake ndiye atakayejua kama bado nafasi ipo. Sheria hii haimlindi mtu aliyesema uongo uliothibitika, kwa hiyo itategemea sana kama kazi ile ya rangi kweli ilitolewa bila ushindani. Kesi ikitupwa, atakayeamriwa kumlipia mzee ni yule ambaye jina lake liko katika ukurasa wa kwanza. Ndiyo maana nimekuambia uanzie hapo.

Nije kwenye dola 30,000 za akiba. Hapa sheria inazungumza waziwazi. Fedha za akiba hutumika kutengeneza au kubadilisha vitu vikubwa ambavyo chama kinawajibika kuvitunza, kama mapaa na lami, au kwa kesi zinazohusu matengenezo ya vitu hivyo, basi. Kesi ya jina haimo humo, na uzio wa ua wa mtu, nijuavyo mitaa ya aina yenu, kwa kawaida haumo pia. Bodi inaweza kuzikopa kwa muda ili kuziba pengo la fedha za matumizi ya kila siku, lakini lazima itangaze katika ajenda kwamba inakusudia kufanya hivyo na kwa sababu gani, iandike sababu hizo katika muhtasari wa kikao, na izirudishe ndani ya mwaka mmoja, isipokuwa ikieleza kwa maandishi kwa nini inahitaji muda zaidi. Tena akiba ikitumika kwa kesi, wanachama wote wanapaswa kujulishwa, na hesabu ya kesi hiyo iandaliwe angalau kila baada ya miezi mitatu na iwe wazi kwa mwanachama anayetaka kuiona. Maandishi madogo ya ukurasa wa nyuma mwezi Desemba hayatoshi.

Mwenyekiti aliposema kwamba mambo ya wakili ni siri alisema nusu ya ukweli. Ushauri ambao wakili aliutoa ni siri, na bodi inaruhusiwa kuujadili katika kikao cha faragha. Hata hivyo, mambo yaliyojadiliwa faraghani yanapaswa kutajwa kwa ujumla katika muhtasari wa kikao cha wazi kinachofuata, na fedha zilizolipwa si siri. Wakikupa ankara za wakili wanaweza kufuta kwa wino mweusi yale maelezo ya ushauri, lakini wanapaswa kukueleza msingi wa kisheria wa kuyafuta, na kwa kawaida tarehe na kiasi hubaki.

Ombi lako liwe la maandishi, fupi, lisilo na lawama yoyote. Omba ankara zote za huduma za kisheria, mkataba wa wakili, taarifa za benki za akaunti ya akiba, na mihtasari ya vikao vyote vilivyoidhinisha kesi hizo na uhamisho wa fedha. Kumbukumbu za mwaka huu wa fedha zinatakiwa zitolewe ndani ya siku 10 za kazi, na za miaka miwili iliyotangulia ndani ya siku 30. Unaweza kutozwa gharama ya nakala, na kwa kazi ya kufuta maelezo ya siri wasikutoze zaidi ya dola 10 kwa saa wala zaidi ya dola 200 kwa ombi zima. Wakikunyima bila sababu, mahakama ile ya madai madogo inaweza kuwaamuru wakupe na kuwatoza hadi dola 500 kwa kila ombi la maandishi walilolikataa. Usitegemee kwamba kuna ofisi ya jimbo itakayokuja kukagua hesabu kwa niaba yenu. Sheria imewaachia ninyi wanachama kazi hiyo.

Umeniuliza juu ya majirani, na nimeisoma ile methali ya mume wako mara mbili. Ninamwelewa. Sote tuliotoka mbali tunajua hofu ya kuonekana kwanza pale panapotafutwa wa kulaumiwa. Lakini hati ya nyumba ina majina yenu, na kura yenu ni moja sawasawa na ya mwenyekiti. Sheria ya California inawalinda wanachama wanaokutana kwa amani na kugongeana milango kuzungumzia mambo ya mtaa wao, na bodi haiwezi kuwazuia. Ili kuitisha mkutano maalumu wa wanachama inahitajika asilimia 5 tu. Kwa nyumba 64, hizo ni saini nne! Baada ya kupokea ombi, bodi ina siku 20 za kutoa tarehe. Isipotoa, waliosaini wanaweza kuitoa wenyewe. Katika mkutano huo wanachama wanaweza kupigia kura hata kuondolewa kwa wajumbe wa bodi, kwa kura ya siri inayosimamiwa na msimamizi asiye na upande.

Unapozungumza nao, zungumza juu ya tarakimu na karatasi. Usimwite mtu mwizi, wala katika WhatsApp wala mlangoni kwa jirani, kwa sababu hujui bado nani alifanya nini, na kwa sababu neno hilo moja ndilo litakalokupeleka aliko mzee. Sisemi hivi kwa kudhani kwamba bodi zote ni safi. Kati ya mwaka 2003 na 2009, huko Las Vegas, kundi la watu liliingiza wajumbe wao katika bodi za majengo kadhaa kwa kura za hila ili kazi za matengenezo na kesi za kasoro za ujenzi ziende kwa wenzao, na kiongozi wa mpango huo alihukumiwa mwaka 2015 kifungo cha zaidi ya miaka 15. Lakini walionaswa pale walinaswa kwa karatasi. Karatasi zikishafika mkononi mwako, tafuta saa moja ya ushauri kwa wakili anayewatetea wenye nyumba, si yule ambaye wateja wake ni vyama, na mchangie gharama hiyo ninyi mliosaini.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, nami sitaki lichanganywe na haya mengine, nalo ni ile dari ya binti yako. Andika barua ya pili, tofauti kabisa, isiyotaja kesi wala hesabu. Eleza tarehe uliyoliona doa kwa mara ya kwanza, ukubwa wake wakati ule na sasa, usiku ule wa sufuria, na uambatanishe picha ukiwa umeweka rula kando ya doa. Taja kwamba kutunza paa ni wajibu wa chama na omba tarehe ya fundi kuja kukagua. Ipeleke kwa njia ya posta yenye risiti, ubaki na nakala, na uipeleke wiki hii, kabla ya mvua nyingine.